Hema la Wenz Dar

Wubeshet Ayele alikuwa fundi wa maturubai katika mtaa wa Wenz Dar, Addis Ababa, na maisha yake yote alikata kitu kimoja tu ambacho hakupaswa kukikata.

Ushonaji alijifunza jeshini, akishona vifuniko vya malori. Aliporudi alifungua kibanda mbele ya nyumba yake, kwenye kichochoro chembamba, ng'ambo ya mlango wa mama yake. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba kiasi kwamba asubuhi mama, Etete Zenebech, alimpa mwanawe kikombe cha kahawa kupitia dirishani bila yeyote kati yao kutoka nje. Wubeshet hakufanya kazi Jumapili, wala hakumwambia mteja kazi itakuwa tayari Jumanne huku akijua ni Jumamosi. Kwa hiyo wateja wake walikuwa wachache kuliko wa mafundi waongo.

Kazi aliyojivunia ni moja: hema la idiri, chama cha kufa na kuzikana cha mtaa mzima. Alilishona ujanani bila malipo, mama yake akimshikia pindo. Chini ya hema hilo Wenz Dar ililia wafu wake wote, wema na wabaya, kwa ukubwa uleule wa kivuli.

Kisha manispaa ikagawa mtaa. Vijana wawili walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ukutani, kuonyesha kwamba mpaka unapita katikati ya kichochoro. Upande wa Wubeshet ukawa Kata ya Tatu, upande wa mama yake Kata ya Nne.

"Usiogope, mama," kijana mmoja alimwambia Etete Zenebech. "Hakuna kinachobadilika. Ni vitambulisho tu."

"Kama hakuna kinachobadilika, rangi ya nini?"

Yule kijana alisema kweli. Manispaa haikugusa idiri, wala haikujua kama ipo. Waliogawa idiri ni wenye idiri.

Mwenyekiti, Lakew, alisimama mkutanoni akasema haiwezekani watu wa kata moja wazike watu wa kata nyingine, maana hata serikali imeona kuwa ni watu wawili tofauti. Aliyemuunga mkono kwa nguvu zaidi ni Gebeyehu, mkazi wa Kata ya Nne. Huyu alikuwa makamu kwa muda mrefu mno, hata watoto wa mtaa walidhani Makamu ni jina la baba yake. Mtaa ukigawanyika viti vya mwenyekiti vitakuwa viwili. Alikuwa amelitambua hilo mapema.

Mikono iliinuliwa. Wubeshet naye aliinua wake, kwa sababu wa jirani yake ulikuwa juu.

Mabenchi yakagawanywa, na masufuria pia. Sufuria kubwa la mwisho halikuwa na mwenzake, basi Kata ya Tatu ikachukua sufuria na Kata ya Nne ikachukua kifuniko. Wote wakaona ni haki. Likabaki hema.

"Fundi ni wewe," Lakew akamwambia Wubeshet. "Katikati, usimpunje mtu."

Akakata katikati, mstari ulionyooka kama rula. Jioni mama yake hakumpa kahawa.

"Umekata?"

"Walikubaliana wote, mama."

"Hata waliomsulubisha Bwana walikubaliana wote."

Mama akaegemea dirisha.

"Sikiliza, Wube. Mimi nimechangia hema zima. Siku yangu ikifika, nataka watu wangu wa huku na wa huko wakae chini ya hema moja wanisengenye pamoja. Nusu hema si hema, ni mwavuli. Ukiniweka chini ya mwavuli, nitarudi."

Alisema hivyo akiwa mzima, lakini kifua chake kilikuwa kimeshaanza kukoroma. Wubeshet aliyasikia yote mawili.

Mwaka huo kila kata ililia wafu wake chini ya nusu yake, upande mmoja ukiwa hauna ukuta. Katika msiba wa muuza mkaa, mbuzi aliingia akala nusu ya ngano ya kuchemsha ya waombolezaji, na hakuna aliyeweza kusema amepitia wapi asipostahili. Wubeshet alikwenda kwa Lakew, kisha kwa Gebeyehu, akaomba hema liunganishwe. Lakew alisema hana neno, mradi Gebeyehu aombe kwanza. Gebeyehu alisema vilevile.

Etete Zenebech alifariki mwezi wa Hamle, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Hapo ndipo watu walipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria siku ya kuinua mikono. Marehemu alikuwa mwanachama wa Kata ya Nne, na kwa kanuni idiri yake ilipaswa kumlilia. Lakini mwanawe alikuwa mwanachama wa Kata ya Tatu, na kwa kanuni ileile idiri yake ilipaswa kumlilia mama wa mwanachama. Baada ya maziko, pande zote mbili zilifika mlangoni pa marehemu, kila moja na nusu hema.

"Marehemu ni wetu," akasema Gebeyehu.

"Mfiwa ni wetu," akasema Lakew. "Marehemu hapigi kura."

"Nawe miguu yako iko kata gani sasa hivi, Gashe?" Gebeyehu akauliza, akimwita kwa jina la heshima la wanaume wakubwa.

Wakasimika nusu mbili uani, nyuma ya nyumba, zikitazamana. Katikati likabaki pengo la upana wa mtu, na mvua ikaingia hapo, juu ya benchi la padri. Padri alisogea mara ya kwanza, akasogea mara ya pili, kisha akaomba aletewe ndoo.

Wubeshet alikuwa ameketi kichwa kimefunikwa shuka. Kwao mfiwa hainui hata kijiti. Hulishwa, hushikwa mkono, hulia. Akainuka, akavuka kichochoro, akarudi na sindano ya turubai na uzi wa nta. Akapanda juu ya benchi la padri.

"Wube, kaa chini, ni aibu," Lakew akanong'ona.

"Aibu ilishatangulia, Gashe. Shika pindo hili. Na wewe, Gebeyehu, shika hilo. Mikono juu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize. Mikono mnajua kuiinua."

Wakashika, maji yakiwatiririka ndani ya mikono ya makoti mpaka kwapani. Alishona polepole, mishono miwili miwili, machozi na mvua vikichanganyika usoni. Alipofika mwisho kikongwe mmoja alicheka, akasema Zenebech alikuwa akiwapunja wote kwenye kahawa. Mwingine wa upande wa pili akasema hata sukari. Masengenyo yakaanza, yakaenea hema zima.

Siku ya tatu, desturi inapotaka hema lishushwe, wenyeviti walimjia.

"Pole tena, ndugu. Tunaomba kila mtu nusu yake."

Wubeshet akaweka mkasi juu ya benchi, mbele ya waombolezaji.

"Mimi nilikata mara ya kwanza. Zamu yangu imekwisha."

Lakew akautazama mkasi. "Anza wewe, Gebeyehu. Tuko katani kwako."

"Siwezi kukutangulia, Gashe. Wewe ni mkubwa."

"Hapana, tafadhali."

"Haki ya Mungu, siwezi."

Walipishana kwa heshima hivyo mpaka ngano ikapoa. Hema likakunjwa zima, likawekwa nyumbani kwa Etete Zenebech, na liko huko hadi leo. Kifuniko nacho kilirudi juu ya sufuria, na hakuna aliyeuliza nani alikileta. Rangi nyekundu bado iko ukutani, na vitambulisho vina kata mbili.

Mshono unavuja. Watu wamemwomba Wubeshet aupake nta, naye amekataa. Mvua ikinyesha msibani, benchi la chini ya mshono ni la Lakew na Gebeyehu, na Wubeshet huketi kati yao.