Mkwe Ndiye Ameshika Kamba

Saa moja asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaanza fujo zake, Abeli Mazengo yuko juu ya paa la ghala lake huko Mkonze. Amepiga magoti juu ya ubao, nyundo ameifunga mkononi kwa uzi, anang'oa bati lililoliwa na kutu. Akisogea, mguu wake unafuata mstari wa misumari, maana chini ya misumari ndiko kuna mbao za kumbeba.

Kiunoni ana kamba ya manila. Inapanda hadi kileleni mwa paa, inashuka upande wa pili na kuzungushwa kwenye nguzo ya zege. Mwisho wake umeshikwa na mama mzee aliyekaa kwenye kigoda, ameligeuzia ghala mgongo, anatazama shamba.

Mama huyo ni mkwe wake.

"Andika habari za mabati," Abeli anamwambia mwandishi anaposhuka kunywa chai. "Haya ya kamba yaache. Naona aibu."

Aibu hiyo ina mwaka mzima sasa, na haijapoa.

Abeli, mwenye umri wa miaka 46, anaishi kwa kulima alizeti na kuwahifadhia majirani mavuno yao. Ghala alilijenga refu ili magunia yapandane, na kwa kila gunia hulipwa shilingi elfu moja kwa msimu. Paa lilipoanza kuvuja, fundi alimtajia laki nne. Abeli akaazima ngazi.

"Nilijiambia, kupanda tu kuna ugumu gani? Nimekulia kwenye nyumba za tembe. Juu ya tembe tulikuwa tunatembea, tunaanika mtama, tunakimbizana. Paa kwangu lilikuwa uwanja."

Lakini paa la tembe ni la udongo, liko bapa na chini chini. Hili la ghala limeinama, linateleza, na ukianguka una safari ndefu.

Siku hiyo ya Novemba mwaka jana, mkewe Lydia alikuwa ameenda kuuza mboga Nkuhungu. Abeli alijua anahitaji mtu wa kumshikia kamba. Mtu alikuwepo: Penina, mama yake Lydia, alikuwa mlangoni kwake anabangua karanga.

Penina alihamia hapo baada ya mvua kubomoa nyumba yake. Tangu afike, yeye na Abeli walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kila mtu macho yake chini. Penina akiwa uani, Abeli huzunguka nyuma ya zizi. Ndivyo alivyolelewa kwao, kwamba mama mkwe hatazamwi usoni wala hatumwi kazi. Kumwambia ashike kamba, tena yeye akiwa juu ya kichwa chake, lilikuwa jambo ambalo mdomo wake haukuweza kulitamka.

Basi akaifunga kamba kwenye kigingi cha mbuzi.

"Kigingi cha mbuzi!" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. "Ndugu yangu, hata mbuzi mwenyewe alikuwa anaking'oa."

Aliteleza kabla hajapiga hata msumari mmoja. Mguu ukaisukuma ngazi, ngazi ikaanguka kwa kishindo. Kigingi kikachomoka. Abeli akajikuta ananing'inia ukingoni, mikono imekumbatia ncha ya mbao, miguu hewani, suruali imechanika kuanzia kiunoni hadi gotini.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalomtesa hadi leo kuliko bega lililoteguka.

"Ningeita, angekuja yeye. Na nguo yangu ilikuwa vile. Nikasema moyoni, bora nianguke." Anageuza kikombe mkononi. "Nina watoto watatu. Mtu mzima mimi, nikachagua kufa kwa sababu ya suruali."

Penina hakusubiri kuitwa. Alisikia ngazi, kisha akasikia kimya, na kimya ndicho kilichomwinua.

"Nikamwambia, mkwe, uko hai? Hajibu!" anasimulia Penina, akiwa amekaa upande wake wa ukuta, mahali ambapo Abeli hamwoni. "Nikasema, jibu hata kama una aibu! Ndipo nikasikia 'nipo, mama', sauti kama ya mtoto aliyevunja chungu."

Aliidaka kamba iliyokuwa ikining'inia na kigingi chake upande wa pili wa paa, akaizungusha kwenye nguzo, akaikalia. Kisha akamwita jirani yao, Sila, kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, hadi akaja kusimamisha ngazi.

Wiki kadhaa Abeli hakuonekana uani. Alikuwa akitoka kabla hakujapambazuka ili asikutane na mama huyo. Bega lilipopona, mvua zilikuwa zimekwisha kuharibu mabati mengine zaidi.

Mwaka huu alipoazima tena ngazi, Penina alimtuma Lydia na ujumbe: "Mwambie mumeo nitakaa nimegeuka. Sitaona kitu, ila kamba nitaisikia."

Ndivyo kazi inavyokwenda sasa. Ngazi hufungwa juu na chini. Upepo ukianza, Abeli anashuka, hata kama bati limebaki nusu. Na kila kamba inapotulia sana, Penina huivuta kidogo, na Abeli sharti ajibu.

"Nimeshazika mume," anasema Penina. "Huyu sitamzika kwa sababu ya adabu. Adabu gani hiyo ya kumvalisha binti yangu nyeusi?"

Abeli anatarajia kumaliza paa kabla ya mvua za Desemba, kisha amjengee mama huyo chumba cha matofali. Ila kuna deni dogo linalomkaa kooni. Tangu siku ile hajamwambia asante. Kila akitaka, anaikumbuka suruali.

Saa nne upepo unaanza kupiga mabati. Abeli anashuka, anafungua kamba kiunoni. Upande wa pili Penina amekwisha simama, amebeba kigoda chake, anaondoka bila kugeuka, kama kawaida yao.

"Mama!" anaita Abeli. Anatazama viatu vyake. "Asante. Na ya mwaka jana pia."

Penina anasimama. Hageuki.

"Kesho vaa suruali nzima," anasema, na kuendelea na safari yake.