Mshale wa Geji Uliogundishwa

Maji ya rejeta yalinipiga kifuani kabla mfuniko haujafika chini. Kanzu niliyovalishwa kwa ajili ya picha ikanata kwenye ngozi, na mkono wangu wa kulia ukawa kama kuku aliyechovywa tayari kunyonyolewa. Tulikuwa Ndundu, hatua chache kabla ya daraja, bi harusi yumo kabini mwa lori. Shangazi yake ndiye aliyekuja mbio na ndoo ya maji. Wengine walikuwa bado wananirekodi kwa simu zao.

Lori lile nililijua mie kuliko waliolipamba. Kabla ya daraja kujengwa nilikuwa utingo wa tajiri mmoja wa Kibiti, tukibeba mpunga na boriti za mikoko. Foleni ya kivuko ikirefuka, nashuka na kopo, nateka maji ya mto, naongeza kwenye rejeta. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma geji ya joto sikuhitaji mwalimu. Baadaye nikawa dereva wake, mpaka Mungu alipomchukua.

Mwanawe akaja kutoka Dar na wazo: lori la baba libebe maharusi. Ndani paonekane vilevile kama enzi za mzee, ila starehe za kisasa zifichwe. Akaja na fundi umeme wake, kijana mwenye miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Spika wakazishonea ndani ya kiti. Kiyoyozi kikapuliza kupitia matundu ya redio ya zamani. Nyaya zikapita chini ya mkeka wa ukili. Vipimo vya kweli, vile vya tarakimu, wakavizika ndani ya kisanduku cha majivu ya sigara. Hayo nimeyajua baadaye. Mie sivuti sigara.

Nilikabidhiwa lori asubuhi ya harusi, injini inaunguruma tayari.

"Hizi geji za zamani zinasoma?" nikauliza.

"Kaka, wee endesha," mwenye lori akasema. "Mambo ya ndani tuachie sisi."

Njia nzima mshale ulikaa robo. Zamani lori likitaka kuchemka lilikwambia: miguu inaungua, injini inakoroma. Safari hii miguu yangu ilikuwa baridi kama ya maiti, na taarabu inanitetemesha makalio. Nitasikia nini?

Tulipofika Ndundu bosi akaniamuru nisimame.

"Ongeza maji kama enzi za kivuko, watu wachukue video."

"Bosi, lina maji ya kutosha."

"Siyo kwa ajili ya lori, kaka. Ni kwa ajili ya watu."

Nikasita. Yule shangazi akanichungulia kutoka nyuma. "Dereva gani huyu anaogopa mfuniko? Hata bwana harusi hajaogopa hivi." Wanawake wakacheka. Nikautazama mshale: robo, pale ambapo enzi zetu tulifungua kwa kitambaa tu. Nikafungua.

Siku ya kumi, mkono umefungwa, nikaenda kuchukua kandambili zangu kabini. Lori lililala tangu jana yake, bodi limepoa kama jiwe la mtoni. Mshale uko robo. Nikagonga kioo, haukutikisika. Nikasogeza jicho, nikaliona tone la gundi, limekauka vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Fundi wa pale Kibiti akanionyesha lingine: kiyoyozi chao walikifunga mbele ya rejeta, upepo ukakosa pa kupita.

Sasa lori linapeleka maharusi kama kawaida, lina dereva mwingine. Mimi mkono haukunjuki, usukani siushiki. Na mjini mwenye lori anasema, "Yule mzee amesahau kazi. Dereva gani anafungua rejeta ya moto?" Watu wananikodolea macho kana kwamba nilijimwagia mwenyewe.

Basi mwana wa tajiri, nakutaka wewe na yule kijana wako wa miwani. Lileteni lori mbele ya msikiti Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Injini ikiwa baridi. Fungueni kisanduku cha majivu, kila mtu asome, kisha autazame ule mshale. Halafu mseme kwa midomo yenu ni nani aliyeitia ile gundi, na ni nani aliyemwagiza. Mkono wangu wa kushoto bado mzima. Nitakuja nao, niwaonyeshe kwa kidole mahali pa kutazama.