Alinikatalia Chekechea, Sasa Anataka Uwanja Wangu Aanike Mpunga

Admin, nifiche vizuri, maana mtaani kwetu hata kikohozi changu wanakijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi Lipangalala hapa Ifakara. Nimefundisha watoto wadogo tangu nikiwa na kiuno. Kiuno kimeondoka, watoto wameendelea kunipenda. Wa kwangu mwenyewe Mungu hakunijalia, na nilishalia nikamaliza, au nilidhani nimemaliza.

Mnaojua bonde letu mnaelewa. Msimu wa kulima ukifika, watu wanahamia mashambani na wadogo wanabaki mjini na bibi zao. Bibi mmoja, wajukuu watano, na visima viko wazi. Nikawaza, nyumba ninayo, uwanja ninao, mkubwa, mweupe, mgumu kama sakafu, kwa nini nisifungue chekechea hapahapa? Mwenyekiti wa mtaa akasema wazo ni zuri, lakini kwa kuwa ni katikati ya makazi, majirani lazima wakubali. Akaitisha mkutano.

Nilijua nimeshapita. Jirani yangu, nimwite Baba Festo, tunasali jumuiya moja, na huyo Festo wake ni mimi niliyemshika mkono akajua kushika penseli. Kila mavuno anaanika mpunga wake kwenye uwanja wangu, maana kwake ni migomba na kivuli kitupu. Sijawahi kumwambia hapana. Basi yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mwenyekiti, sisi wengine tuna presha," akasema. "Watoto kutwa wanapiga kelele, tutapona kweli? Na Mwalimu mwenyewe mnamjua. Akiimba peke yake kanisani popo wanahama. Sasa anataka kikosi!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana sauti yangu naijua, hata mwalimu wa kwaya huniweka nyuma karibu na mlango. Ningemsamehe palepale. Lakini kicheko kilimnogea, akaongeza: "Halafu jamani, mtu ambaye hajawahi kunyonyesha hata mmoja, ndiyo tumkabidhi wa kwetu ajifunzie?"

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyemkemea pia. Mama Festo alikuwa ameketi pembeni yangu, akainama akaanza kukunjua pindo la kitenge chake kana kwamba kuna kitu kimepotelea humo. Mikono ilipopigwa, chekechea ikakataliwa. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda, nikaona hata chai sina hamu nayo, na mimi chai kuniacha ni jambo la kutangaza kanisani.

Nikanyamaza. Shikamoo nikaitikia, habari za asubuhi nikauliza. Mavuno yakafika. Mpunga wa Baba Festo ukanyeshewa shambani, ukaja nyumbani na unyevu wake, magunia yamejaa sebuleni hadi viti vikatolewa nje. Akanijia na turubai begani, anatabasamu.

"Mwalimu, nimekuja kwenye uwanja wetu."

"Wetu?"

"Ah, si unajua! Ndiyo maana siku ile nilikataa mambo ya chekechea. Ungejaza bembea hapa, mpunga tungeanika wapi?"

Alisema hivyo huku anacheka, Admin. Kumbe presha hana. Aliona bora anivue nguo mbele ya mtaa kuliko kukosa pa kutandika turubai.

Nikamjibu kwa upole wote niliojaliwa: "Baba Festo, nitafurahi sana. Ila mpunga unaita ndege, na ndege wanafukuzwa kwa kupiga madebe. Nina presha, kelele sitaziweza."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi naamka mapema namwagilia uwanja. Namwagilia kama mtu mwenye bustani ya maua, na ua moja sina. Umekuwa tope zuri, bata wa watu wanakuja kuogelea. Viwanja vya wengine vimejaa mpunga wao. Alijaribu kuanika kando ya barabara, bodaboda zikapita juu. Sasa magunia yanachemka, ukipita dirishani kwake unasikia harufu, na yale ya chini yameanza kuchipua. Nakiri mbele ya maelfu yenu: harufu ile kwangu ni kama pilau.

Juzi alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia nimepokea, ila akaisemee mbele ya watu walewale, aseme kelele ilikuwa uongo na neno la kunyonyesha alifute kwa mdomo wake. Akasema, "Mwalimu, tuyamalize humu ndani, mtu mzima nisidhalilike." Nikamuuliza, mimi nilikuwa mtoto?

Jana akaja Mama Festo, analia. "Dada yangu, hicho ndicho chakula chetu cha mwaka mzima. Unaniadhibu mimi kwa mdomo wa mume wangu?" Nikamwambia, "Wewe nakuadhibu kwa mdomo wako, uliofunga siku ile." Akaondoka bila kuaga. Nilijisikia vizuri mpaka jioni. Baada ya hapo nikawa sijielewi.

Jumuiya ni keshokutwa, na wengi wa mkutano ule watakuwepo, lakini Baba Festo bado anasema hawezi kusimama. Mpunga ule haufiki keshokutwa bila jua. Msiniandikie habari za kusamehe saba mara sabini, hizo nawafundisha watoto mwenyewe. Niambieni jambo moja tu. Leo kumekucha na jua kali, uwanja ukiachwa utakauka kabla ya mchana. Yeye amesimama kwenye uzio na turubai lake, ananitazama. Ndoo imejaa, iko mkononi mwangu.

Ndugu zangu, nimwage au nisimwage?