Baraka Kwenye Kioo cha Airport

Wiki jana baba yangu alitema mate kwenye kioo cha uwanja wa ndege, mchana kweupe, watu wakimchukua video.

Na aliyemfikisha hapo ni mimi, binti yake aliyesoma.

Ndugu yangu Munene alikuwa amepata kazi Doha. Baba akateremka kutoka Kibirichia mpaka Nairobi kumsindikiza. Kwetu mtoto haendi mbali kabla mzazi hajamtemea mate kidogo kifuani. Ndiyo baraka yenyewe. Munene alishasema bila hiyo hapandi ndege.

Mimi nilikuwa nasikia aibu tu. Nafanya kazi ofisi ya watalii, na wateja wangu hupitia mlango ule ule wa airport. Nikimwaza mzee na kofia yake ya sufu akitema mate mbele yao, nilitaka ardhi inimeze.

Sasa ona ujanja wangu.

Nilikuwa nimeona kwa simu picha ya stesheni ya treni ndani ya jengo la abiria, ngazi za umeme na kila kitu. Nikajua imeshajengwa. Nikawaambia twende na treni.

Kwenye stesheni ya mjini, watalii wamejaa, baba akaanza kumfungua Munene vifungo vya shati.

"Baba, si hapa," nikasema. "Treni inaingia mpaka ndani ya airport. Kuna mahali pa familia, pametulia. Utambariki huko."

Hapo mahali pa familia nilipatunga papo hapo.

Treni ikasimama, tukashuka. Natafuta ngazi za umeme, naona ua wa mabati na mama anachoma mahindi.

"Mama, airport iko wapi?"

Akacheka. "Hiyo treni ya kuingia ndani bado iko kwa karatasi, siste. Panda basi pale."

Basi likakwama kwenye foleni ya ukaguzi getini. Baba anaangalia saa ya dereva. Nikajua nimeharibu.

Tulipofika, askari wa mlangoni alikuwa anapaza sauti: "Wa Doha, kimbia! Wenye tiketi pekee!"

Munene akaingia mbio, shati bado limefungwa.

Baba akanigeukia. "Gatwiri, familia inakaa wapi?"

Nikageuzia uso kwenye ukuta wa kioo.

Mara Munene akatokea upande wa ndani wa kioo. Akafungua vifungo, akabana kifua kwenye kioo. Baba akasogea, akatema.

Simu zikatoka. Mwanamke mmoja akasema, "Ai! Uchafu gani huu?"

Hakuna aliyenituma. Mimi mwenyewe nilitoa kitambaa mkobani, nikaenda kufuta.

Yule askari akanizuia. Nikadhani anakuja kutufukuza.

"Wacha," akasema. "Mimi ni Njeru, mtu wa Gachoka, na kwetu pia tunabariki hivi. Hiyo si uchafu. Wacha ikauke yenyewe." Kisha akainamisha kichwa kwa baba. "Mzee, kijana ameshika baraka."

Baba alikuwa anaangalia kitambaa mkononi mwangu.

Njia yote ya kurudi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Tulipofika kwangu ndipo akasema, polepole:

"Mimi nilidhani umekosea treni tu, mpaka nilipoona kile kitambaa chako."

Jamani, mzazi akitaka kukubariki, simama hapo hapo alipo upokee. Usimchagulie mahali.