Mabawa Safi

Mtaani walimwita Mama Spiriti, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, akastaafu, lakini uuguzi haukustaafu pamoja naye. Kisu cha jikoni alikipangusa kwa spiriti. Kitasa cha mlango, spiriti. Mjukuu wake akianguka uani na kuchubuka goti, aliinuka haraka na kujifanya hajaumia, maana bibi angetokea na chupa mkononi na maneno yake yale yale: "Lia tu, mjukuu wangu, ila uchafu utatoka." Watu walimcheka, lakini watoto wao waliwapeleka kwake awachome sindano, kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Mtoto alifungua mdomo kulia wakati sindano imeshatoka zamani.

Kwa hiyo mkwe wake alipotoka duka la dawa za mifugo na habari za chanjo ya ndui ya kuku, akasema mwenye duka anaweza kuwatumia mchanjaji, Mama Spiriti aliona ametukanwa ndani ya nyumba yake.

"Mchanjaji wa nini?" aliuliza. "Watoto wa hapa nimewachanja mpaka wamekua wakazaa, na waliowazaa nikawachanja vilevile. Leo kuku ndiye anishinde?"

Mkwe hakubisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache tangu alipoolewa, na tangu alipofiwa na mumewe hata hayo machache yalipungua. Mume huyo alikuwa mwana pekee wa Mama Spiriti. Walibaki watatu katika nyumba ile, yeye, mkwe na mjukuu wa kike anayesoma chekechea, na simu ya mkwe haikupoa: mama yake mzazi alikuwa anamwita arudi kwao. Mkwe alikuwa ameomba muda kwanza. Alijenga banda nyuma ya nyumba, akanunua vifaranga, akawalea kwenye joto la taa kama watoto njiti. Siku moja, akiwa anaosha vyombo, alisema bila kugeuka, "Mama, kuku hawa wakitaga, tunakaa. Wakinifia, sitakuwa na cha kunikalisha hapa. Nitamchukua mtoto nirudi kwetu."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilimwingia mama mkwe mpaka kwenye mifupa. Mtu akisema kwa hasira unaweza kumwambia apoe. Huyu alikuwa amepoa tayari.

Vifaranga wakawa mitetea wenye vilemba kichwani vinavyoanza kuwa vyekundu, na siku ya kuchanja ikafika. Mkwe alikamata, akashika, akafungua bawa. Mama Spiriti, na miwani yake na aproni nyeupe iliyopigwa pasi, alitafuta ile ngozi nyembamba iliyo kati ya mifupa ya bawa, akachovya sindano ndogo ya meno mawili ndani ya chupa ya chanjo, akatoboa. Kazi nzuri kabisa, huwezi kumlaumu. Isipokuwa kabla ya kutoboa, kila bawa alilipangusa kwanza kwa pamba iliyolowa spiriti.

"Mama," mkwe aliuliza, "mbona mwenye duka hakutaja spiriti?"

"Mwenye duka kazi yake ni kuuza. Ya kuchanja atuachie wenyewe."

Mkwe akakamata kuku mwingine.

Wiki moja na ushei ikapita, na Mama Spiriti akaingia bandani kukagua. Aligeuza bawa moja baada ya jingine. Safi. Hapana kipele, hapana uvimbe, hapana usaha. Alitoka kifua mbele kama aliyepewa nishani, akamwita mkwe aje aone kazi ya watu waliosoma: kuku wote wale wametobolewa na hakuna hata mmoja aliyefanya kidonda! Mkwe akashukuru, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka kidogo. Mtu mwingine angepita dukani kuuliza, walau kwa kupitisha muda. Lakini huyu alikuwa Mama Spiriti, na aende kuuliza nini?

Kisha mvua ikanyesha, mbu wakajaa, na ndui ikaingia kwa fundi viatu wa mtaa wa nyuma. Kuku wake walitoka vinundu vyeusi kwenye vilemba na machoni, macho yakaziba, wakawa wanadonoa hewa wakitafuta chakula wasichokiona. Mkwe alipoleta habari hizo sauti ilikuwa inamtetemeka.

"Wako wamechanjwa," Mama Spiriti alimwambia. "Lala usingizi wako."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na siku iliyofuata akaenda kwa fundi cherehani kupunguza upindo wa gauni. Fundi huyo alifuga kuku wachache nyuma ya chumba chake cha kazi, na mmoja alikuwa ameingia ndani akajilaza juu ya vipande vya vitambaa. Kuku akanyoosha bawa. Mama Spiriti akaona chini ya bawa uvimbe mkubwa kama punje ya haragwe, wenye gaga juu yake, ule ukoko wa kidonda kinachokauka.

"Nani aliyemchoma kuku huyu?" alifoka. "Tazama! Mikono michafu hiyo. Mngeniita mimi!"

Fundi alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Nesi mzima, hujui? Hiyo ndiyo chanjo yenyewe imeshika. Wote wamefanya hivyo. Mchanjaji alisema tukiona bawa halina kitu, tumwite arudie."

Mama Spiriti aliinama kulitazama bawa tena. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe mpaka kwenye bega la kushoto, juu ya kovu la mviringo la chanjo alilolipata akiwa mtoto, enzi ambazo ndui ya watu ilikuwa bado inatajwa kwa kunong'onezana. Na sauti ya matroni wa chuo cha uuguzi ikamrudia, mwanamke mnene aliyewafundisha wakiwa wasichana wenye kofia mpya. Chanjo ya ndui iko hai, aliwaambia. Ukiipaka spiriti umeiua mlangoni. Na mkono usiofanya kidonda haukuchanjwa, mrudishe mtu huyo. Aliyajua yote hayo! Ila ndui ya watu ilikwisha, zikaja sindano nyingine chungu nzima, na zote hizo zilitanguliwa na pamba ya spiriti, mpaka mkono ukazoea na kichwa kikasahau.

Aliliacha gauni mezani. Mwanamke huyu hakuwa anakimbia hata mvua ikimkuta njiani, lakini siku hiyo alikimbia, viatu mkononi.

Bandani alikamata kuku wa kwanza akageuza bawa. Safi. Wa pili, safi. Wa tatu, wa nne, safi, safi. Alikuwa analia sasa, akitafuta kidonda kimoja tu, hata kidogo. Kwenye kona aliona mtetea aliyejikunyata, kichwa chini, na alipomwinua aliona kinundu kwenye ukope, kidogo kama punje ya mtama, na viwili vingine kwenye kilemba. Pembeni yake kulikuwa na mwingine wa namna hiyo. Na mwingine tena.

"Wana nini?"

Mkwe alikuwa mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Hakungoja jibu. Aliweka ndoo chini, akamchukua yule kuku, akamtazama jicho, na uso wake ukabadilika.

"Dawa mbovu ile," alisema. "Ametuuzia dawa iliyolala nje ya barafu. Nakwenda dukani kwake sasa hivi. Nitamfanyia fujo mbele ya wateja wake wote, anitambue."

Mama Spiriti angeweza kunyamaza. Njia ya kukwepa ilikuwa wazi kabisa: mwenye duka angetukanwa, angejitetea, nani angemwamini? Mkwe angekasirika na mtu wa mbali, si na mtu wa ndani. Lakini mkwe akigombana na mwenye duka pekee aliyekuwa karibu, chanjo nyingine ingetoka wapi, na lini? Na akitumwa mchanjaji, si angeuliza swali moja tu, mlipangusa na nini? Aliyawaza yote kwa mpigo, na zaidi ya yote alimwona mjukuu wake na mkoba mdogo mgongoni, akipunga mkono kutoka dirisha la basi.

"Dawa ilikuwa nzima," alisema. "Mimi ndiye niliyeiua. Ni ile spiriti."

Mkwe alimtazama. Kuku kwapani mwake alikuwa anapepesa jicho lake moja zima.

"Nilikuuliza," mkwe alisema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nikuachie."

"Nilikuambia."

Mama Spiriti alitamani atukanwe, yaishe. Lakini mkwe alimweka kuku chini taratibu, akanawa mikono, akaenda dukani bila kuaga. Alirudi na chupa mpya ndani ya chombo cha barafu na maagizo ya mwenye duka, akayasema akitazama ukuta. Wagonjwa watolewe sasa hivi, wakae mbali. Wazima wachanjwe leo leo. Ambao ndui imeshawaingia bila kuonekana, chanjo haitawaokoa. Dawa ya kuitibu hakuna. Wawaoshe macho, wawape maji, wangoje.

Chanjo ikishachanganywa na maji yake haingoji mtu, kwa hiyo walifanya kazi bila kupumua. Mkwe alishika, mama akatoboa. Na ule mkono mwepesi uliosifiwa mtaa mzima sasa alilazimika kuushikiza kwa mkono wa pili. Kuku hawajafika hata kumi, vidole vyake vilinyooka vyenyewe kuelekea kwenye aproni, kwenye chupa iliyokaa mfukoni siku zote.

"Mama!"

Mkwe alimwachia kuku, akaitoa chupa ya spiriti mfukoni mwa mama mkwe wake, akaitupa nje ya mlango. Ikapasuka. Harufu yake ikajaa banda, na Mama Spiriti akaona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu utoto.

"Leta kuku," alisema.

Walipomaliza, mkwe alifunga mlango wa banda kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye mfuko wa sketi yake. "Usiingie tena humu mpaka nikwambie," alisema. Na Mama Spiriti, aliyezoea kuwaamuru hata madaktari kunawa mikono, alitii.

Siku zile za kungoja zilikuwa mbaya. Asubuhi mkwe aliingia peke yake, na mama mkwe alisimama dirishani akihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka atoke. Mara nyingine alitoka mikono mitupu. Mara nyingine alitoka na kuku, akampeleka kwa wagonjwa chini ya kibanda cha kuni, akamwosha macho kwa maji ya chumvi. Kulikuwa na waliotoka vidonda ndani ya koo, wakawa wanavuta pumzi shingo juu, na hao hawakupona. Walikula mezani pamoja, wakapeana sahani, wakaambiana asante. Mjukuu pekee ndiye aliyeongea.

Jioni moja simu ya mkwe ililia, na kwa kuwa kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, Mama Spiriti alisikia. "Sijui, mama," mkwe alikuwa anasema. "Sijui. Nipe wiki hii nione." Kesho yake mlango wa chumba chake ulikuwa wazi nusu, na lile begi kubwa lililokuwa linakaa juu ya kabati lilikuwa limeshushwa kitandani. Tupu, zipu wazi. Mama Spiriti alipita kama hakuona kitu, akaenda uani, akafua nguo zilizokuwa safi.

Siku ya kukagua mabawa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua chache kutoka bandani. Hakuambiwa aje, hakuambiwa aondoke. Ndani alisikia kuku akikamatwa, mlio, mbawa zikipigapiga, kimya. Akakamatwa mwingine. Kimya. Alijaribu kusoma kitu katika ukimya ule na hakupata lolote.

Mkwe alitoka na mtetea kwapani, nywele zimemjaa manyoya. Alichuchumaa mbele yake, akafungua bawa. Pale kwenye ngozi nyembamba palikuwa na uvimbe, na juu ya uvimbe gaga, baya, limekauka pembeni.

Mama Spiriti alitaka kuligusa, akakumbuka amekatazwa, akauvuta mkono wake.

"Ni huyu tu?" aliuliza.

"Karibu wote."

"Na wale wa kibanda cha kuni?"

"Wengi wameondoka, si umeona. Waliobaki watapona. Wawili watabaki na jicho moja."

Mama Spiriti aliitikia kwa kichwa. Swali lililobaki, kama lile begi litarudi juu ya kabati, hakuwa na haki ya kuliuliza, kwa hiyo akamtazama kuku. Mkwe naye alimtazama kuku huyo huyo. Alilikunja bawa, akasimama, akajipangusa manyoya magotini.

"Kundi lijalo nachanja mimi," alisema. "Wewe utashika."

Tangu avae sare ya uuguzi, hakuna aliyewahi kumwambia Mama Spiriti ashike, mwingine achome. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Nitashika," alisema.