Mjusi Aliyelinda Asali

Mwaka jana nililala nyumba ya wageni pale Kibondo mjini. Asubuhi mhudumu alipofungua pazia, mjusi mdogo alikuwa amejibandika kwenye fremu ya dirisha, anaota jua. Dada yule akaniomba radhi na kwenda kuchukua dawa ya kupuliza. Nikamwambia amwache. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa amkaribishe mwizi. Ndugu yangu, ningemwelezaje? Nilimfuga mmoja wa namna ile nikiwa msichana wa darasa la tatu, miaka ya sabini, si mbali na hapo.

Usimchanganye na yule mweupe anayetoka usiku. Wangu alikuwa wa mchana: mgongo wa kijivu kama gome la mti, tumbo la manjano, michirizi myeusi kooni, mrefu kama kidole cha shahada. Bibi alimwita umuserebanya, jina ambalo sisi Waha tunawaita mijusi, na hakulitamka kwa upendo. Nilimpata kwenye nguzo ya jikoni nikampa nyumba: kipande cha mzinga mkuukuu wa gome, nimekiziba huku na huku kwa majani ya mgomba. Jua likichomoza nilimrudisha nguzoni apate joto, maana asubuhi za kiangazi kwetu baridi huuma vidole. Nikitoka kisimani nilichovya unyasi kwenye asali nikamnyooshea. Aliilamba kwa ulimi mwekundu, kisha akajilamba hata macho. Alipozoea, alipanda kiganjani mwenyewe.

Jirani yetu, mama ambaye sauti yake ilifika kabla yake, hakuchoka kunicheka. "Wenzako wanafuga sungura, wanakula nyama. Wewe unafuga ukuta!"

Bibi alinivumilia mpaka msimu wa kurina ulipokaribia. Asali ndiyo iliyotuvisha na kutununulia chumvi, na mjusi akitumbukia ndani, nani angeinunua? Siku moja, akipepeta maharage, akasema bila kuinua macho: "Asali ikiingia humu, huyo atoke. Usipomtoa wewe, nitamtoa kwa fagio."

Fagio la bibi nililijua.

Kaka yangu akarudi kutoka porini ananuka moshi, debe limejaa. Bibi akamimina asali kwenye chungu kikubwa pembeni mwa ukuta, nyumba nzima ikanukia. Nilimficha mjusi kwapani, ndani ya kipande chake cha mzinga. Mchana haujaisha, sisimizi walikuwa wamefika, mstari mweusi ukutani kuelekea chunguni. Bibi akamwaga majivu, wakayazunguka.

"Hao hawaondoki," alisema jirani, aliyekuja kuonja. "Mimi walinimalizia chungu kizima."

Bibi akageuka na fagio mkononi, akaliona lile gome kwapani mwangu. "Bado yumo?"

Nilichomoa jani nikamweka mjusi ukutani. Nilikuwa nimemwona nguzoni akila sisimizi, lakini nilijua pia anavyopenda asali. Akateremka mbio, moja kwa moja kwenye chungu. Bibi akainua fagio. Mjusi akasimama ukingoni, akainamisha kichwa upande, kana kwamba anafikiri.

Akamdaka sisimizi wa mbele.

Kaka, ambaye hakukosa mpira wa redio, akakunja kiganja mdomoni. "Anakwenda, anakwenda, anampiga chenga... amemeza! Bao!"

"Huyo wa nyuma anatoroka!" jirani akapiga kelele, ameshapiga magoti. "Mshike, baba, mshike!"

Hakuwamaliza, sitakudanganya. Lakini alizunguka ukingo ule mpaka tumbo likajaa kama harage, na sikuona hata sisimizi mmoja aliyeonja asali. Bibi akashusha fagio.

"Abaki," akasema. "Ila akitumbukia, utamla wewe."

Kesho yake asubuhi jirani alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu, umeamkaje? Huyo... mnyama wako. Asali yangu inaingia leo. Niazime, hata kwa siku mbili."

"Ngoja nimuulize," nikajibu.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpeleka mwenyewe, natembea polepole kama mganga aliyeitwa kwa mgonjwa.

Siku hizi asali ya Kibondo husafiri kwa ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana. Ni vizuri, sisimizi hawapati pa kupita. Bibi hayupo, wala jirani, na zile nyumba zetu zimekuwa shamba la muhogo. Hakuna tena jambo la kumfanya mama mzima aje asubuhi kumbembeleza mtoto. Lakini mimi nilibembelezwa. Jirani aliniketisha kwenye kigoda, si mkekani na watoto wake, akanimiminia maji ya kunawa kama mgeni wa heshima, akaniwekea ugali na samaki mgebuka mzima, kichwa na mkia. Nimeshaalikwa kwenye meza nyingi tangu siku ile. Bado sijaketi juu kuliko pale.