Utelezi wa Wodini

Juzi nilikwenda kumjulia hali jirani yangu aliyelazwa hospitalini hapa Kakamega. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee kutoka Malava, mkojo umegoma kutoka tangu asubuhi. Mkewe aliketi kando yake, leso kiunoni.

Muuguzi alileta mpira mwembamba wa kuutoa mkojo huo, akaupaka mafuta mazito ya kulainisha, akauacha kwenye sinia na kwenda kunawa mikono. Mama yule akauinua kwa vidole viwili. Akakunja uso. Akashika pembe ya leso akaupangusa wote mpaka ukakauka, polepole, kama mtu anayepangusa kikombe mbele ya mgeni.

Muuguzi aliporudi alishika kichwa. "Mama! Umefanya nini?"

"Ulikuwa unateleza, sista. Kwetu chombo cha mgeni tunapangusanga kwanza."

"Utelezi huo ndio ungemwokoa mzee asichubuke!"

"Lakini jana ulitufundisha hapa hapa kwamba mtungi wa maji ukiteleza ndani una wadudu, tuusugue."

Muuguzi akautupa mpira ule kwenye ndoo ya taka.

Mzee akainua kichwa kwenye mto. "Amueni upesi kama utelezi ni mzuri au mbaya. Mimi napasuka."

Mpira mwingine ukaletwa, ukapakwa mafuta, mzee akashusha pumzi.

Tangu Uhuru tunafundishwa usafi kila kona, nami nilidhani nimeelewa. Niliporudi kwangu Lurambi nilitia mkono mtungini. Ukateleza. Nikasimama pale, nisijue kama nisugue au nishukuru.